"Inaingia" siyo "inakubali": kuoanisha vifaa vya PC ya gemu ukiwa Arusha

Wadau mambo vipi. Kuna neno moja limeshanila hela, na neno lenyewe ni "inaingia". Nilikuwa na mazabodi ya mtumba, H110, nikampigia jamaa wa duka moja Kariakoo nikamuuliza kama ana i5 ya kizazi cha 8, akasema ipo, nikamuuliza itakaa kwenye H110 yangu, akanijibu "kaka hiyo inaingia, soketi ni moja, we tuma tu hela nikupandishie basi la usiku". Nikatuma. Kesho yake nimeufuata mzigo stendi, nimefika nao home Sakina, nimefungua, na kweli imeingia, tena imekaa kama ilizaliwa hapo. Nawasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Nikatoa RAM nikarudisha, nikabadili waya, nikasugua RAM kwa raba ya shule, wapi.

Na jamaa kwa namna yake hakudanganya. Soketi zote mbili ni LGA1151, ila Intel walibadilisha kazi za baadhi ya pini humo ndani, kwa hiyo kizazi cha 6 na cha 7 kinataka bodi za mfululizo wa 100 na 200 (H110, B150, B250), cha 8 na cha 9 kinataka za mfululizo wa 300 kama H310, B360 au Z370. Imeingia, haijakubali. Kuirudisha Dar nauli juu yangu, halafu chini ya risiti kuna ule mstari wetu tunaoujua wote, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Sasa juzi kati kuna dogo wa Moshono kanifuata anataka kuunga PC yake ya kwanza, nikakaa naye siku mbili tatu tunapanga, nikaona bora niandike kabisa maana maswali ni yale yale kila siku.

Hatua ya 1: gemu na monita, kadi baadaye

Nilimuuliza unataka kucheza nini, akasema "zote kaka". Hilo siyo jibu. Tukabanana mpaka ikajulikana ni mpira, GTA na Valorant, na monita anayo tayari, ya mtumba, 1080p ya 60Hz. Basi hapo kazi imepungua nusu, kwa sababu monita ya 60Hz inaonyesha fremu 60 kwa sekunde basi, ukiifungia likadi la kusukuma fremu 200 umelipia fremu ambazo macho yako hayatakaa yazione.

Angalia pia matundu ya nyuma ya monita. Za mtumba nyingi zina VGA tu, ile plagi ya bluu yenye skrubu mbili, na kadi za siku hizi hazina VGA kabisa, zina HDMI na DisplayPort. Kuna vibadilishi vya HDMI kwenda VGA, ila chukua kile chenye kasanduku kake, maana kile ni waya mtupu kutoka plagi moja kwenda nyingine hakifanyi chochote, HDMI ni dijitali na VGA ni analogi, lazima kuwe na chipu ya kutafsiri katikati.

Valorant nayo ina mambo yake, kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama vinavyowashwa kwenye mipangilio ya bodi) viwe vimewashwa. Na Windows 10 Microsoft waliachana nayo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yao rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia i7 ya kizazi cha 4 anakwambia "i7 hiyo kaka, mnyama", mwache na mnyama wake.

Hatua ya 2: ndoa ya watu watatu

Prosesa, mazabodi na RAM vinachaguliwa siku moja, kwenye karatasi moja. Ukinunua kimoja leo kingine mwezi wa pili bila kuandika namba ndo unakuja kuwa kama mimi.

Kwa upande wa AMD mambo ni rahisi kidogo. Kuna soketi ya AM4, inatumia RAM ya DDR4, humo wamo prosesa za Ryzen 1000 mpaka 5000. Halafu kuna AM5 iliyokuja 2022, inatumia DDR5 tu, humo wamo 7000, 8000 na 9000. AM4 prosesa ndiyo yenye pini chini yake, ukiangusha umepinda. AM5 pini zimehamia kwenye bodi kama Intel. Hazichanganyiki hata kidogo.

Upande wa Intel ndo kuna mitego. LGA1200 ni kizazi cha 10 na 11. LGA1700 ni cha 12, 13 na 14, na hapa bodi zipo za aina mbili, nyingine DDR4 nyingine DDR5, jina la chipseti ni lile lile B660 au B760, ila kwa DDR4 mara nyingi utakuta mwisho wa jina wameweka D4 au DDR4. Hiyo D4 mtu anaisahau kuisoma, ananunua RAM ya DDR5, akifika home ule mkato wa katikati ya RAM hauendani na sloti. Za karibuni zaidi ni Core Ultra 200 zenye LGA1851, zinataka DDR5, na bei zake kwa mtu wa bajeti ya dogo wangu tunaziangalia tu kwa mbali.

Herufi za mwisho kwenye jina la prosesa zina maana. Intel yenye F, mfano i5-12400F, haina picha yake ndani, bila kadi ya grafiki skrini haiwaki. K maana yake unaweza kuipandisha kasi, ila upate na bodi ya Z, ukiiweka kwenye bodi ya H au B hiyo K umeinunua ya nini. AMD za AM4 zenye G kama 5600G zina picha ndani, zisizo na G hazina.

Halafu BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine. Hii watu wa maduka wengi hawakwambii. B450 ilitoka 2018 na Ryzen 5 5600 ilitoka 2022, bodi ilikuwa dukani miaka minne kabla prosesa haijazaliwa, sasa itaijuaje? Mpaka BIOS iapdetiwe. Nenda kwenye ukurasa wa bodi yako kwa aliyeitengeneza, tafuta orodha ya prosesa inazozikubali, pale wanaandika kila prosesa na toleo la BIOS linaloanzia. Kwenye boksi la bodi za AM4 tafuta stika ya "AMD Ryzen 5000 Desktop Ready", ikiwepo umepona. Isipokuwepo, mwambie muuzaji aiapdeti kabla hajatuma, au chukua bodi yenye kitufe cha Flashback nyuma, ile inaapdeti kwa flashi tu hata prosesa haijawekwa. Intel nao ni hivyo hivyo, B660 ya zamani na kizazi cha 13 au 14 hawajuani mpaka uwatambulishe.

Dogo tulimchukulia Ryzen 5 5600 na B550. Kuna mtu ataniuliza kwa nini siyo AM5, maana AM5 ndo ina maisha mbele. Kweli, na ukiwa na hela nenda AM5. Ila tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa vibaya kwa sababu watengenezaji wa chipu wanakimbilia kwenye seva za AI, na kwa DDR4 angalau mtumba unapatikana, wa DDR5 bado ni wa kutafuta kwa tochi.

Na mtumba wa RAM ndo nataka tukae hapa kidogo. Utakuta mtu anauza DDR4 ya 16GB kwa bei ya kutupa. Omba picha ya stika, karibu kabisa uone maandishi. Utaona kitu kama PC4-2400T-UA2 au PC4-2400T-RA1. Ile herufi baada ya kistari cha mwisho ndo inakwambia ukweli. U ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida. S ni ya laptopu, fupi, hiyo hata kuingia haiingii. R ni ya seva, na hii ndo shetani mwenyewe, kwa sababu ina pini 288 kama ya kawaida, mkato uko pale pale, inakaa klik, unawasha, giza. Inaingia, haikubali. Bei ya kutupa imetoka huko.

Nunua mbili za 8GB kuliko moja ya 16GB, zikifanya kazi kwa pamoja Ryzen inachangamka. Bodi ikiwa na sloti nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ziwe pacha, kutoka pakiti moja ikiwezekana.

Hatua ya 3: kadi ya grafiki

Plagi ya PCIe, lile tundu refu la kadi kwenye bodi, haina shida, kadi mpya inakaa kwenye bodi ya zamani na inafanya kazi, ila kuna kadi zimebana njia za kupitisha data. RX 6500 XT inatumia njia 4 tu kati ya 16, ukiiweka kwenye bodi ya PCIe 3.0 inapungua nguvu kwa kiasi cha kuonekana. RX 6600 na RTX 4060 zinatumia 8, hizo hata kwenye bodi ya zamani utaumia kidogo tu.

Kwa 1080p dogo tukampa RX 6600, 8GB, inakula wati 132 na inataka plagi moja ya pini 8. RTX 3060 ya 12GB nayo ni kadi nzuri, wati 170. RTX 4060 ni wati 115. Wati hizi ziandike pembeni, tunazihitaji sasa hivi.

Tahadhari ya mtumba: kuna kadi zimebadilishwa jina kwa kuchezewa BIOS, inajiita GTX 1050 Ti kumbe ndani ni GTS 450 ya 2010. Windows inadanganyika. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z haidanganyiki, inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Mwambie muuzaji akutumie video, siyo picha, ya GPU-Z ikiwa imefunguliwa kwenye mashine inayotumia hiyo kadi. Akianza kusema umeme umekatika dukani, mwambie utasubiri urudi.

Na wale mnaoanzia kwenye mashine za ofisi, zile OptiPlex na EliteDesk ndogo za mtumba: kasha jembamba linataka kadi fupi zile zinazoitwa lo-profaili, pawa saplai yake ndogo mara nyingi haifiki hata wati 300 na haina waya wa kadi, na plagi zake nyingi ni za kwao wenyewe, huwezi kuchomoa ukaweka nyingine ya dukani hivi hivi. Hapo chaguo lako ni kadi isiyohitaji waya wa ziada, GTX 1650 fupi au RTX 3050 ya 6GB fupi. Usije ukanunua kadi ya feni tatu halafu unakuja kuniuliza tunakata wapi bati.

Hatua ya 4: pawa saplai, hapa usinipigie hesabu za kubana

Hesabu yenyewe: kadi 132, prosesa ya 5600 ikikimbia sana kama 76, bodi na RAM na SSD na feni weka 50. Jumla kama 260. Tukachukua ya wati 550 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, yenye 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi). Nafasi iliyobaki siyo ubadhirifu, kadi huwa zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua, na miaka miwili ijayo atataka kubadili kadi.

Sasa chukua pawa saplai ya bei chee inayokuja na kasha, geuza usome stika. Mimi nilikuta moja imeandikwa 500W kubwa nyekundu, chini kwenye jedwali, mstari wa +12V, imeandikwa 18A. Zidisha 18 mara 12 unapata 216. Na prosesa na kadi zote zinakula kwenye 12V, kwa hiyo hiyo mia tano ni ya kwenye rangi tu. Ukiwa dukani mjini, iwe Sokoine au mitaa ya Soko Kuu, fanya hiyo hesabu pale pale mbele ya muuzaji, hana hoja.

Waya nazo. Ya prosesa ni ile ya pini 4+4, ya kadi ni 6+2, zinafanana kwa mbali ila umeme wake umepishana, isipoingia kwa raha usilazimishe. Vile vibadilishi vya kutoka plagi ya SATA kwenda pini 8 ya kadi achana navyo, SATA imepimwa ampea 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54, plagi ya pini 8 inaruhusiwa kuvuta 150, plastiki inayeyuka. Na kama pawa saplai yako ni ile ya kuchomoa waya zote, usichanganye waya za kampuni nyingine hata kama zinaingia. Upande wa diski zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyojua, utaunguza SSD ukiwa unatabasamu.

Kingine cha mitumba ya Marekani: nyuma kuna kiswichi chekundu kidogo, 115 na 230. Kwetu ni 230. Ukiwasha ikiwa 115 utasikia mlio mmoja tu, na harufu.

Hatua ya 5: SSD, kasha na feni, haraka haraka

SSD za M.2 zina sura moja ila lugha mbili, NVMe na SATA, soma kitabu cha bodi ujue tundu lako linakubali ipi. Kitabu hicho hicho kitakwambia kama ukitumia tundu la pili la M.2 kuna plagi za SATA zinakufa, watu wanadhani diski imekufa kumbe ndo mpango. Ile 2280 ni kipimo tu, upana milimita 22 urefu 80.

Kasha: bodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, ndogo ya mATX kwa kawaida ni 244 kwa 244. Kasha la ATX linabeba zote mbili, la mATX halibebi ATX. Soma pia urefu wa kadi linaoruhusu na kimo cha feni ya prosesa. Ryzen 5 5600 ya boksi inakuja na feni yake na inatosha, ila za mtumba zisizo na boksi huwa zinakuja uchi, hapo tafuta feni ya AM4 na pesti ya kupitisha joto. Chukua kasha lenye wavu wa vumbi mbele unaochomoka. Arusha joto siyo adui sana, Julai tunavaa makoti ndani, ila vumbi la Moshono wakati wa kiangazi linajaza feni kama pamba.

Hatua ya 6: kabla hujatuma hela

Andika orodha nzima kwa majina kamili, siyo "B550" bali B550 ya nani na toleo gani, halafu iingize kwenye tovuti ya PCPartPicker. Inapiga kelele vitu visipoendana na inajumlisha wati. Bei zake siyo za kwetu, usizitazame utaumia roho. Na haijui kama RAM yako ni mtumba wa seva, hilo ni jukumu lako na picha ya stika.

Baada ya hapo muulize muuzaji kwa ujumbe wa maandishi, siyo simu: "Je, bodi hii kwa BIOS iliyopo sasa inawasha prosesa hii?" Asipojibu swali hilo akakujibu inaingia, tafuta mwingine. Wengine wanapanda Noah za Namanga wanaenda Nairobi wenyewe, na ni sawa, angalau unaona kitu kinawaka mbele yako. Popote unaponunua, dai risiti ya EFD na makubaliano ya siku za kujaribu yaandikwe juu yake. Kama kuna uwezekano, prosesa, bodi na RAM nunua kwa mtu mmoja na mwambie aviwashe pamoja akutumie video. Dogo wetu alifanyiwa hivyo bure, ni kuomba tu.

Siku ya kuunga

Mzigo umefika Jumamosi, tumekaa sebuleni kwao tukaunga kwanza nje ya kasha, juu ya boksi la bodi, prosesa, RAM moja, kadi, pawa saplai. Fanya hivi siku zote, kama kuna kitu hakikubali unakijua kabla ya kufunga skrubu ishirini. Imewaka. Tukafunga kwenye kasha, dogo akachomeka waya mwenyewe, akawasha, skrini hamna kitu. Akaniangalia kama ataka kulia. Nikazungukia nyuma, HDMI kaichomeka kwenye bodi badala ya kwenye kadi, na 5600 haina picha ndani. Tukahamisha, ikaja.

Ingia BIOS uwashe XMP, ile inayoifanya RAM itembee kwa kasi iliyoandikwa juu yake, bodi nyingine za AMD wanaiita DOCP au A-XMP. RAM yake imeandikwa 3200 lakini ilikuwa inatembea 2400, watu wanakaa hivyo miaka bila kujua. Kadi tukaipima na GPU-Z, safi.

Imebaki ya umeme wa TANESCO. UPS ya 650VA haimaanishi wati 650, mara nyingi haifiki 400, kwa mashine kama hii inatosha kukupa dakika chache za kusevu na kuzima. Kama mashine inazima kila UPS inapoingia kazini, mara nyingi ni kwamba UPS inatoa umeme wa ngazi ngazi na pawa saplai yako imeukataa, hapo unahitaji ile ya wimbi kamili, bei yake imechangamka.

Mama yake alikuwa anapita pita mlangoni, mwisho akasimama akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitu kinakula LUKU kiasi gani?" Tukapiga hesabu mbele yake: mashine na monita kwenye gemu tuseme wati 300, saa nne kwa siku ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36. Na nyumba yao ipo kwenye ile bei ndogo ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, ukivuka inapanda. Mama akamgeukia dogo, "Umesikia? Nusu ya umeme wa nyumba." Wamekubaliana anacheza wikiendi, na siku za katikati akitaka anunue LUKU yake.